Aliyemwambia bibi acheke

Saa mbili asubuhi, na ndani ya jiko la Mayu Minza moshi umetanda hadi chungu hakionekani vizuri. Mbuke Kalisti amepiga magoti karibu na mlango, kamera ya video begani, jicho moja amelifumba. Machozi yanamtiririka shavuni wala hayafuti. Mkono ukitoka kwenye kamera, picha itatikisika.

Mbele yake, bibi wa miaka sabini na ushee, ambaye wote humwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, anavunja kinyesi cha ng'ombe kilichokauka na kukisukuma chini ya chungu, kipande baada ya kipande. Kuni zimekuwa adimu upande huu wa Shinyanga, na miguu yake haiwezi tena kuzifuata porini.

"Mayu, usiniangalie mimi," Mbuke anasema kwa sauti ya chini. "Fanya unavyofanya siku zote."

"Siku zote hakuna mtu anayeziba mlango wangu. Sogea, ng'wanone, mwanangu, moshi utoke."

Mbuke anasogea, kisha anageuka haraka kutazama nje. Ng'ambo ya uzio wa minyaa, watu wanakata mtama wa jirani. Visu vinasikika hadi jikoni. Jana shamba lile lilikuwa limesimama lote. Leo limebaki nusu.

Hiyo ndiyo sauti inayomtisha.

Kijiji hiki kiko safari ya baiskeli kutoka Kahama mjini, na gazeti hili halitakitaja. Minza pia si jina la bibi huyu. Mbuke ndiye aliyeomba iwe hivyo, tena kabla hajatukaribisha kiti.

Mwezi uliopita, Mayu Minza aliamka akakuta jiwe mlangoni. Chini ya jiwe palikuwa na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Hajui kusoma, akampelekea jirani. Jirani alisoma kimoyomoyo, akairudisha karatasi bila kumtazama usoni. Iliandikwa: "Tumekuona kwenye video. Mtama ukikatwa uwe umehama."

Tangu siku hiyo sungusungu wawili, walinzi wa kijiji, hulala uani kwake. Na tangu siku hiyo mtama wake mwenyewe haujaguswa. Masuke yameinama kwa kukomaa, ndege wanakula, bibi anapiga debe kuwafukuza, lakini kisu hakishiki.

"Wamesema ukikatwa," anaeleza. "Basi sikati. Tuone watafanyaje."

Anacheka. Mbuke hacheki. Kicheko hicho ndicho kilicholeta barua.

Mbuke ana miaka ishirini na sita. Aliacha shule darasa la tano, baba yake alipofariki, akaja Kahama kufagia na kupokea wateja katika studio ya picha ya familia ya Sanket. Ni mwoga wa watu. Mteja akimsalimu kwa sauti kubwa, alikuwa akijibu huku akitazama ndoo.

"Nilimfundisha kamera kwa sababu kwenye harusi alikuwa haonekani," anasema Sanket, ambaye sasa ndiye mwenye studio. "Mpiga picha mwingine anajipitisha mbele ya bibi harusi kama yeye ndiye anayeolewa. Mbuke unaweza kumkanyaga, ndiyo ujue yupo."

Baada ya miaka minne ya harusi na misiba, Sanket alimpeleka Mwanza kwenye semina ya wiki mbili ya uongozaji wa filamu. Mbuke alirudi na daftari. Bado analo, limefungwa kwa mfuko wa nailoni. Humo aliandika kwamba picha ya mbali inaonyesha mahali, na picha ya karibu inaonyesha moyo. Taa ikitoka juu, uso ni wa kila siku. Taa ikitoka chini ya kidevu, uso unatisha. Filamu ya kubuni, mwongozaji anamwambia mtu la kufanya. Filamu ya ukweli, mwongozaji ananyamaza na kusubiri.

"Hakuna mahali nilipoandika kwamba mwenye kutazama naye aambiwe ipi ni ipi," anasema. "Nilidhani anajua."

Mwaka juzi akaongoza filamu yake ya kwanza ya kubuni, Duara Lenye Macho. Duara ni shimo la wachimbaji wadogo. Hadithi ni ya kijana anayemwendea bibi mmoja kutafuta bahati ya dhahabu, anavunja sharti, shimo linamfukia, na bibi anacheka.

Wachezaji walikuwa wanakijiji. Mbuke alikuwa amewatungia majina, lakini yaliwashinda. Ukimwita mtu kwa jina la kwenye hadithi, hageuki. Siku ya pili ikaisha bila picha hata tatu za maana. Betri zilikuwa zinakwisha, na Sanket alikuwa anatazama saa.

"Nikasema basi, kila mtu atumie jina lake. Na kijiji kiitwe kijiji chetu. Kazi ikaenda mbio siku hiyo. Niliona nimekuwa mwongozaji kweli kweli."

Mayu Minza alilipwa shilingi elfu sita na doti ya kitenge. Alipenda kuigiza. Mbuke alimwekea taa chini ya kidevu, akasogeza kamera hadi macho yakajaa kioo chote, macho yaliyokuwa mekundu tangu zamani kwa moshi wa jikoni. Kisha akamwambia acheke.

Kanda ilisafiri. Iliuzwa Kahama, ikaonyeshwa Buseresere, ikafika Rwamgasa kwenye machimbo ya Geita, ambako vijana walijazana kwenye banda la video kila jioni.

Kisha zikaja zile mvua kubwa. Duara moja lilibomoka Rwamgasa, siku chache tu baada ya kanda kuonyeshwa pale. Wawili hawakutoka. Mmoja alikuwa mdogo wa kijana wa kijiji hiki hiki, Nkwabi. Wenzao wakaanza kuulizana: yule bibi wa kwenye kanda, aliyecheka shimo likianguka, si ana jina? Si ametajwa pamoja na kijiji chake?

Katika mkoa huu, bibi mwenye macho mekundu huitwa mchawi bila kesi. Wamekatwa mapanga wengi, na kila mtu hapa anamjua japo mmoja. Mbuke anamjua shangazi wa mama yake.

"Nilipopata habari ya barua, nilikuwa studio," anasema. "Nilikaa chini pale pale. Mteja alikuwa anataka picha za pasipoti, akaniuliza, dada, unaumwa? Nikasema ndiyo."

Wazo lake la kwanza lilikuwa kuonyesha kanda mbichi, ile yenye vipande vyote, ambamo sauti yake inasikika ikimwambia bibi ainame, ainuke, arudie. Akaitafuta kabatini. Ilikuwa imeshafutwa. Kanda ni ghali, na juu ya hiyo walikuwa wamerekodi harusi.

Ndipo akaomba kamera siku nne, atengeneze filamu ya ukweli ya jiko la Mayu Minza: kinyesi, moshi, chungu, macho. Sanket alisita.

"Nilimwambia, Mbuke, hawa watu ukiwachokoza watachoma studio. Mke wangu na watoto wanalala juu yake," anakumbuka. "Akanyamaza. Huyu akinyamaza ujue ameshaamua. Nikasema haya, kamera nitashika mimi sehemu nyingine, maana huwezi kwenda peke yako."

Siku ya nne ya upigaji picha, Mbuke anajitazama kwenye kioo kidogo cha bibi na kushtuka. Macho yake yamekuwa mekundu.

Anatazama kioo kwa muda mrefu. Kisha anamwambia Sanket wakaonyeshe kesho yake, siku ya mnada.

Banda la video la mnadani ni la udongo, madirisha yameshonewa magunia ili mchana uwe giza. Jenereta inanguruma nje. Saa nane mchana ndani kuna watu zaidi ya themanini, wachunga ng'ombe, wauza mchele, vijana waliorudi kutoka machimboni kwa mavuno. Nkwabi amekaa mstari wa mbele, fimbo magotini. Mayu Minza hayupo. Mbuke amemkataza kuja.

Kanda ya jiko inaanza. Watu wanaona moshi. Wanamwona bibi akimfukuza mwenye kamera mlangoni. Wachache wanaguna.

"Hii tumelipia ya nini?" mmoja anapaza sauti. "Jiko kama la mama yangu!"

"La mama yako lina chungu?" anajibiwa kutoka nyuma.

Mbuke anasimama, anazima deki. Anachomeka waya kutoka kwenye kamera hadi kwenye televisheni, ili kinachotazamwa na kamera kionekane papo hapo. Waya unaingia mara ya tatu.

"Nitawaonyesha nilivyofanya," anasema. Watu wanapiga kelele hawamsikii. Anarudia.

"Weka mimi!" kijana mmoja anaruka juu. "Nipige mimi, nionekane!"

Mbuke anatikisa kichwa. Sura ya mtu mwingine hataiweka tena pale. Anakaa mwenyewe kwenye kigoda, mbele ya kamera, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii. Sanket anasogeza lenzi. Mbuke anawasha taa, anaishusha chini ya kidevu, anainua macho.

Wengine walio mbele wanajivuta nyuma.

Kwenye kioo kuna uso mkubwa, mashimo meusi juu ya mashavu, macho mawili mekundu. Mwanamke mmoja anamvuta mtoto wake kifuani. Mtu aliyekuwa karibu na mlango anatoka.

Mbuke anainua taa juu ya kichwa. Ni Mbuke tena, yule wa studio. Anaishusha. Yule mwingine anarudi. Anainua.

"Ni taa," anasema. "Taa niliiweka mimi. Maneno nilimpa mimi. Macho ni ya moshi, nimekaa jikoni kwake siku nne tu, tazameni yangu."

Nkwabi hajasogea. "Na kicheko?"

Mbuke anamgeukia. "Nilimwambia acheke, akashindwa. Tukarudia mara tano. Mara ya sita mbuzi wake alikuwa anakula shati la kaka Sanket, alikuwa amelianika kwenye uzio. Ndiyo akacheka."

Kicheko kinapasuka banda zima. Watu wanamgeukia Sanket, wanamwuliza shati lilikuwa la rangi gani, mbuzi alimaliza na vifungo? Sanket anajaribu kutabasamu.

Nkwabi anasimama. Anangoja hadi wote wanyamaze.

"Mdogo wangu alikuwa chini ya udongo siku mbili," anasema. "Ninyi mnachekea mbuzi."

Anamtazama Mbuke, si kwenye televisheni, bali yeye mwenyewe.

"Kwa hiyo ni wewe uliyemwambia acheke."

"Ni mimi."

Nkwabi anachukua fimbo yake na kutoka. Kisha mzee mmoja, akijikung'uta vumbi, anasema polepole, kama anayetoa shauri la kawaida: "Basi kumbe huo uchawi uko kwenye hiyo kamera." Wengine wanaitikia kwa kichwa.

Siku mbili baadaye Mbuke anafungua studio na kukuta jiwe mlangoni. Karatasi ni ya daftari lile lile la shule, mwandiko ni ule ule. "Na wewe tumekuona."

Anatuonyesha karatasi hiyo akiwa amesimama nyuma ya kaunta. Ameikunja mara nne. Anasema amehama chumba chake cha uani, sasa analala kwa mama mmoja muuza uji, mlango una komeo mbili. Usingizi hauji. Mbwa akibweka anakaa kitandani hadi anyamaze.

Tunamwuliza kama anajuta kukaa mbele ya kamera.

"Mayu hajaletewa jiwe jingine," anasema. "Jana jirani yake ameanza tena kumwamkia. Alikuwa amekaa mwezi mzima hamwamkii."

Sanket amemshauri asafiri, akakae Mwanza hadi mambo yapoe. Amekataa. Jumamosi anarudi kijijini na kamera. Mayu Minza amekubali hatimaye kukata mtama wake, mchana, mbele ya watu, na Mbuke atampiga picha kuanzia suke la kwanza hadi la mwisho. Amewaalika majirani wote. Nkwabi pia amepelekewa salamu. Hakujibu, lakini mtu aliyepeleka anasema hakukataa.

Mtama ukishakatwa na usiku ukapita, na bibi akaamka nyumbani kwake akawasha jiko lake, hiyo ndiyo itakuwa picha ya mwisho. Kisha Mbuke anataka kuipeleka filamu Rwamgasa, kwenye banda lile lile, akiwa na taa yake. Anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote. Anasema hivyo bila kuulizwa.

Amepanga pia namna filamu itakavyoanza. Itaanza na mikono yake mwenyewe ikiwasha taa, na sauti yake ikisema yeye ni nani.

Tunapofunga daftari kuondoka, anatufuata hadi barazani. Barabarani watu wanapita na baiskeli za mchele. Mmoja anapunguza mwendo, anamtazama, anaendelea. Mbuke anasubiri hadi apotee kwenye kona.

"La bibi msiliandike," anasema. "Mmeniahidi."

Tunaitikia.

"Langu liandikeni. Yote mawili."

Mbuke Kalisti.