Ndiyo ya Dada Yangu

Mnisamehe kwa mwandiko wangu na pale nilipokosea herufi. Niliishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito. Lakini jambo hili siwezi kumwachia mtu mwingine aliandike.

Naishi na dada yangu, mwalimu wa shule ya msingi huku upande wa Kinyangiri. Anafundisha darasa la kwanza na la pili peke yake, chumba kimoja. Mwaka jana tulisikia mtafiti anakuja kuwauliza walimu kama wameridhika na kazi. Wiki nzima dada alipanga maneno yake. Alitaka aletewe mwalimu mwenzake kabla sauti haijamkauka kabisa. Jioni alikuwa akiongea nami kwa ishara.

Mtafiti alifika nyumbani saa sita mchana, akakaa, fomu mapajani.

"Mwalimu, kazi yenu ni ya wito. Umeridhika nayo, siyo?"

Kwetu mgeni haanziwi na hapana. Unampa kwanza ndiyo ya heshima, halafu unasema la moyoni. Dada akasema, "Ndiyo, lakini..."

Kalamu ilikuwa imeshaweka alama ya vema. "Safi sana! Tuendelee."

Maswali yote yalikwenda hivyo. Dada akameza maneno yake yote ya wiki nzima.

Mimi ni mwoga wa watu, hata salamu naitoa kwa shida. Siku ile hasira ilinijaa mpaka aibu ikakosa nafasi. Nikamnawisha mtafiti mikono, nikamwekea ugali wa mtama na jogoo tuliyemchinja kwa ajili yake. Akala tonge la kwanza, akafumba macho kwa utamu.

"Umeshiba, kaka, siyo?"

Akacheka. "Ndiyo, lakini niongezee mchuzi..."

Nikabeba sahani na bakuli, nikapeleka jikoni.

"We binti! Sijala bado!"

"Umesema ndiyo."

"Rudisha chakula cha mgeni!" dada akanikemea, ila kwa sauti ile iliyokauka, nikajifanya sijasikia.

Mgeni akaondoka na njaa yake. Fomu hakuifungua tena. Jogoo tulimla wenyewe, na sijawahi kula nyama tamu kama ile.

Lakini haijanitosha. Dada bado yuko peke yake, na huko mjini karatasi inasema ameridhika. Mwalimu unayesoma hapa, kama nawe ulikatizwa kwenye ndiyo, niandikie yale yaliyobaki. Nasoma polepole, ila nitayasoma yote, kisha nimpelekee mtafiti yule mlangoni kwake, saa ya chakula.