Fyuzi ya Printa

Wiki jana printa yangu hapa Mugutha ilikataa kuwaka. Nilifungua plagi, nikakuta fyuzi imeungua, nikaweka nyingine, ikawaka. Badala ya kufurahi, nilishikwa na hasira.

Utotoni tuliishi Mwihoko, na Mama alichapisha programu za mazishi pale nyumbani. Alasiri moja printa yake ilinyamaza. Nyumba ilinukia nguo za moto, maana Baba alikuwa anapiga pasi, pasi ile ile iliyokuwa imekataa kuwaka asubuhi. Nilikuwa nimemwona akifungua plagi ya printa kwa ncha ya kisu, nikadhani anaisafisha. Leo najua alikuwa anatoa fyuzi aitie kwenye pasi yake.

"Njeri, umefanyia nini hii printa?" Mama alifoka. "Watu wanazika kesho!"

Nilimtazama Baba.

"Huyu mtoto hushika kila kitu," alisema, bila kuinua macho.

Mama alinipigisha magoti mlangoni. Nililia nikiamini kwamba kidole changu, kilichobonyeza kitufe jana yake, ndicho kilichoiua. Baba alivaa shati lake lililonyooka, akaniruka akitoka.

"Siku nyingine," akaniambia, "usiguse vitu vya watu."