Ukuta wa Kutazama Umekaa

Mwanangu, naona umeshanunua misumari, na picha zako umezifunga furushi zima, unataka kupamba ukuta wa nyumba yako mpya. Subiri kidogo. Ipo siku moja naikumbuka hadi leo, enzi za Mjerumani, ukuta nusura uniharibie ndoa.

Nilikuwa bibi harusi wa miezi minne. Mimi binti wa Kiarusha, nimekulia kwenye migomba na ng'ombe huku chini ya Meru; mume wangu Hamisi, mtoto wa wafanyabiashara waliopanda kutoka Pangani. Ikaja habari kwamba shangazi yake, Bi Tatu, yu njiani, na huko Pangani kuna binti amemchagulia.

"Akikuta nyumba haina mwenyewe, ataleta mke," mama mkwe aliniambia bila kuficha. Alinipenda yule mama, na maneno yenyewe yalimuuma. Akanifungulia sanduku: sahani saba za maua, kioo, na makawa mawili ya rangi ya kufunikia chakula. "Haya, pamba sebule."

Mimi nilijiona najua! Nilipokuwa msichana nilikuwa nikipeleka maziwa bomani kwa Wajerumani, na ofisini niliona picha ya Kaizari, mfalme wao, imetundikwa juu kabisa, karibu na dari. Basi nikafudikiza kinu, nikapanda, nikazipanga sahani zote huko juu, mstari mmoja kama askari wa gwaride. Ushanga mpana wa shingoni alionipa mama yangu nikauficha uvunguni. Niliona aibu, nikidhani watu wa pwani watanicheka.

Mama mkwe akaingia, akatazama, akacheka hadi akashika mbavu. Kisha akaacha kucheka.

"Njoo ukae hapa mkekani. Unaona nini mbele yako?"

"Udongo mtupu, mama."

"Na Bi Tatu je, atasimama kama mlingoti siku nzima? Bomani watu husimama wakaogopa. Kwangu mgeni anakaa! Na ule ushanga wako umeupeleka wapi? Usiache mbachao kwa msala upitao."

Loo, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tukashusha kila kitu, tukakitandaza mkekani, tukahamisha hiki na kile kabla hatujagusa ukuta. Kioo tukakielekeza dirishani kipate mwanga. Tukagonga ukuta kwa vidole kutafuta mti ulio ndani, maana udongo peke yake haushiki msumari. Katikati mama mkwe akapaacha wazi, akanitazama tu. Nikaenda uvunguni.

Bi Tatu alifika Ijumaa. Akavua viatu, akakaa, akautazama ukuta sahani moja moja. Hatimaye akanyoosha kidole.

"Ushanga huo wa nani?"

"Wa mama yangu, shangazi."

"Na nani kauweka kati ya sahani zetu, ukapendeza hivi?"

"Mimi, shangazi. Mama mkwe alinielekeza."

Akamgeukia Hamisi. "Mimi nilikuja na habari za mke. Kumbe mke unaye, na nyumba ina mwenyewe! Yule binti nitamtafutia pengine."

Alhamdulillahi! Nilikimbilia jikoni nikapiga vigelegele peke yangu, chai ikafurika ikazima moto, wala sikujali. Wanawake wa mtaa walikuja wiki nzima kuutazama ukuta wangu, hata wale waliosema binti wa ng'ombe hajui nyumba. Niliwakaribisha wote, nikawakalisha mkekani. Na mke wa pili hakuingia mlango ule mpaka Hamisi anazikwa.

Basi mwanangu, kabla ya kutundika chochote, kaa pale atakapokaa mgeni wako. Tandaza vyote chini, uvione pamoja, usiwe na pupa. Gonga upate mahali panaposhika. Usiige ukuta wa kutisha watu, na kitu cha mama yako kisikose nafasi nzuri, maana mwacha asili ni mtumwa. Mungu aijaze nyumba yako wageni wa heri, na kila atakayeketi humo ajue mara moja kwamba nyumba ni yako. Amina.