Jibini ya Moshi

Juzi, dukani hapa Likasi, niliona jibini ya maziwa ya kondoo iliyokaushwa kwa moshi, na mchana mmoja wa utotoni ukanirudia.

Baba mkubwa alikuwa ameleta sanduku la papa, baba yangu, kutoka ng'ambo, kwenye milima papa alikokwenda kusoma. Kati ya mashati kulikuwa na kitu kigumu, cha kahawia, kinanuka moshi kama samaki wa mto Lufira. Mama alikiosha kwa maji ya moto, akakitia chunguni na vitunguu, akasonga bukari, ugali wetu. Kikavutika kama ulimbo. Wanawake waliojaa uani walitazama tu.

Mimi nilifurahi. Kila safari, vifurushi vya papa vilitangulia, yeye akafuata.

"Mama, papa iko nyuma?"

"Kula, mwana yangu. Bukari itapola."

Nilikula. Ile jibini ilikuwa inalia kwenye meno.

Sasa najua wale wanawake walikuja kwenye kilio cha papa, na kwamba wachunga kondoo wa kule huila jibini yao hivyohivyo, bila kuiosha wala kuipika.

"Hii hawapikake, mama," muuzaji wa pale dukani aliniambia juzi.

Nilimshukuru, nikanunua kipande. Sikusikia kitu moyoni. Nilipofika nyumbani niliwasha makala ya jiko la mkaa, nikachemsha maji ya kuioshea.