Nyumba Isiyo na Msingi

Harufu ya grisi haijawahi kunichukiza. Wengine huwakumbusha gereji na mikono isiyotakata. Mimi hunirudisha Mabatini, Mwanza, uani kwetu, mwaka ule nilipokuwa darasa la sita, na ndani yake hunusa pia mbao mpya, plastiki iliyopigwa jua, na dagaa wa jirani waliokuwa wakikauka juu ya bati. Hiyo ndiyo harufu ya karavani yetu. Watoto wa mtaani waliiita kalavani, na bibi yangu mzaa mama, Mjita wa kando ya ziwa, alipoijua aliiita karabani mpaka siku zake za mwisho. Sikumsahihisha, kwa sababu katika mambo ya chombo kile yeye alikuja kuwa na haki kuliko sisi sote.

Ilikuja wakati vitu vingi vilikuwa vinakuja. Maduka tuliyoyajua yakiwa na rafu tupu yalijaa ghafla, mitumba ikatandazwa kandokando ya barabara, na wageni wa kutafuta dhahabu wakawa wanapita mjini na magari yao yenye vumbi. Mmoja wao aliagiza nyumba ya kuvutwa na gari, nyeupe yenye mstari wa buluu, ili alale humo porini akipima udongo. Akaitwa arudi kwao kabla hajailalia hata usiku mmoja. Baba alikuwa ndiye fundi wa Land Rover yake. Alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba na kufungua gereji nyuma ya nyumba yetu, na kiinua mgongo chake kikaishia kwenye karavani ile. Alisema ataikodisha kwa watafiti wengine. Mimi nilimwona alivyokuwa akiipapasa ubavuni, nikajua hapo hakuna biashara, mzee amependa. Mama hakupiga kelele. Aliizunguka mara mbili, akaigonga kwa kidole, akasema, "Wenzako wananunua mashine ya kusaga. Wewe umenunua nyumba isiyo na msingi." Kisha akarudi kuchambua mchele wake.

Haukupita mwezi, habari zikaja kutoka Majita kwamba Bibi hatofautishi tena mbuzi na mtoto. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mganga wa zahanati ya kule alisema hospitali kubwa ya Mwanza wangeweza kumpasua akaona, ila ilibidi akae mjini wiki kadhaa akirudi kuangaliwa. Na hapo ndipo pagumu. Kwao Wajita kama kwetu Wasukuma, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawali sahani moja, hawatazamani usoni, hawalali chini ya paa moja, na mama mkwe halali katika nyumba ya mkwewe hata akiwa peke yake. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili na paa moja. Mama alimtumia ujumbe kwamba atampangia chumba kwenye nyumba ya kulala wageni, Bibi akajibu kuwa afadhali afe kipofu mwenye heshima yake. Nilimwona Mama akilia jikoni siku ile, akisingizia moshi wakati moto ulikuwa umeshazimika. Baba alisimama mlangoni muda mrefu akiitazama karavani, halafu akasema polepole, "Ile si nyumba. Ile ni gari."

Tulikuwa na muda hadi likizo ya Juni kujifunza kuitumia. Mgeni aliacha kitabu kinene cha maelekezo, na kwa kuwa Baba aliishia darasa la saba na Kiingereza chake kilikuwa cha majina ya vipuri, msomaji nikawa mimi, na kamusi yangu ndogo ya shule. Kuuliza si ujinga, lakini mimi sikutaka kuuliza mtu. Kiburi kilinijaa hadi kooni. Ukurasa wa kwanza ulisema kabla ya kuifungua karavani kutoka kwenye gari, magurudumu yawekewe kabari. Neno lake la Kiingereza, chock, halikuwamo kwenye kamusi yangu. Nikachukua lililofanana nalo, chalk, nikatangaza kwa sauti ya mwalimu kwamba magurudumu yapakwe chaki. Baba hakubisha. Aliamini kitabu, na aliniamini mimi. Tulitumia vipande vitano vya chaki nilivyochukua darasani, tukayapaka magurudumu yakawa meupe kama ya gari la harusi, ndipo Baba akaifungua. Ikakaa kidogo kana kwamba inafikiri, kisha ikaanza kuteremka kwenye mteremko wa uani bila haraka yoyote, mapazia yakipepea, hadi ikapumzika kwenye lundo la mchanga wa jirani. Nilitamani ardhi inimeze. Baba alikaa chini akacheka mpaka machozi, akaokota jiwe, akalisukumia chini ya gurudumu, akasema, "Kabula mwanangu, hiyo ndiyo chaki."

Basi tukajifunza, kila jioni kidogo. Nilijifunza kuteremsha miguu minne ya pembeni kwa mkono wa jeki, na kuweka pima maji ya fundi mwashi sakafuni, nikimwelekeza Baba apandishe upande huu au ashushe ule hadi kile kitone cha hewa kitulie katikati. Nilijifunza kwamba mtungi wa gesi hufungwa kabla ya safari, na kwamba beringi za magurudumu hufunguliwa, husafishwa kwa mafuta ya taa, na kupakwa grisi kwa kiganja. Paa lilivuja kwenye maungio mvua za Aprili zilipokolea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, kwa hiyo Baba akapanda na kopo la lami, na ule weupe wa kizungu ukaishia hapo. Hata majirani walitufundisha jambo. Walikuja kuikaribisha nyumba mpya kwa desturi, akina mama wanane na ungo wa karanga. Kwa adabu kila mmoja aliacha nafasi za mbele kwa wakubwa akaenda kukaa mwisho kabisa, na siku hiyo tulikuwa hatujateremsha miguu. Pua ya karavani ikapaa juu, karanga zikamwagika, na akina mama wakarundikana nyuma wakipiga mayowe. Hakuna aliyeumia. Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu chombo kile kiingie kwetu.

Juni Baba aliazima Land Rover ya mteja wake tukaivuta karavani hadi Majita, yeye usukani, Mama na mimi pembeni yake. Tulipofika, Baba alisimamisha gari mbali na mji wa Bibi, akashuka, akaenda kusimama upande wa pili wa Land Rover ametupa mgongo, kama mkwe mwema anavyopaswa. Mama akamshika Bibi mkono wakaja. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha mikono yake ikaanza kazi ambayo macho yalishaiacha. Akapapasa mlango. Akapapasa dirisha, na pazia, na jiko, na kitanda. Alitoka akasimama, na Mama akawa anatafuna ncha ya kitenge chake.

"Kina mlango, kina jiko, kina kitanda," Bibi alisema. "Hii nyumba. Ya nani?"

Nikamshika mkono nikamshusha mpaka kwenye gurudumu. "Ina magurudumu, Bibi. Ni gari."

"Gurudumu haliondoi mwenyewe, mjukuu wangu. Nimekuuliza, ya nani?"

Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilijua kabisa kwamba nikisema ni ya Baba, bibi yangu atarudi ndani kwake, giza limfunge moja kwa moja. Nikisema uongo, atajua. Macho yake yalikuwa mabovu, masikio hayakuwa. Ndipo tukasikia sauti ya Baba ikitoka nyuma ya Land Rover, haimsemeshi Bibi bali mimi, maana ndivyo mkwe anavyozungumza na mkwewe.

"Kabula, mwambie bibi yako, nyumba hiyo ni yako. Nimekupa leo, mama yako anasikia. Mimi ni dereva tu."

Mkono wa Bibi ulikuwa bado juu ya tairi. "Muulize dereva," akasema, "amekupa kweli, au amekupa kwa ajili yangu?"

"Mwambie ahadi ni deni," Baba akajibu.

Bibi akavua ndala zake mlangoni akaingia. Kitabu kilikataza watu kupanda karavani ikiwa inavutwa, na mimi nilimsomea Baba ukurasa huo, ila Bibi asingeweza kukaa kiti kimoja na mkwewe. Kwa hiyo Mama na mimi tulikaa naye nyuma, tukishikilia meza, na Baba akaendesha polepole hadi baiskeli zikawa zinatupita. Mwenda pole hajikwai. Tuliondoka alfajiri ya kesho yake, tukaingia Mabatini jua likielekea kuzama.

Alikaa kwetu wiki saba, nje ya ua, chini ya paa langu. Kila Jumamosi alidai karavani isukumwe hatua moja, ili isije ikaota mizizi ikawa nyumba ya pale. Nilipopekua kitabu nikakuta nacho kinasema hivyo hivyo: ikiegeshwa muda mrefu isogezwe, tairi zisilemae upande mmoja. Bibi alikuwa hajui kusoma hata jina lake, wala hakushangaa nilipomwambia. Siku bandeji zilipotolewa akarudi na Mama kutoka hospitali, anapepesa macho, anashika kila kitu. Baba alikuwa amelala chini ya karavani akipaka grisi, miguu tu ndiyo iliyobaki nje. Alipowasikia hakuthubutu kutoka. Bibi akaitazama ile miguu kwa muda. "Mwambie mkwe wangu nimemwona," aliniambia. "Grisi yote anaipaka gari. Visigino vyake vimepasuka." Mama alianza kucheka, kisha akalia, na safari hii hakusingizia moshi.

Bibi alitangulia miaka mingi iliyopita, akiwa anaona. Mama naye hatunaye. Siku hizi wakwe hukaa kochi moja wakigombania rimoti, na sisemi ni vibaya. Nimeona heshima iliyokaribia kumtia mtu upofu. Lakini mwaka juzi, Baba alipoanza kuanguka ovyo, nilimchukua kuja kwangu Buswelu, akafika getini na begi lake akagoma kuingia. Aliuliza nyumba ni ya nani. Nikasema ni yetu. "Ni ya mumeo," akasema. "Mimi sihamii kwa mkwe wangu." Mume wangu akamsihi kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, mzee akamsikiliza kwa adabu yote na hakusogea. Halafu akaangaza macho pembeni, kule kwenye mipapai, ilikosimama karavani yenye lami juu ya paa.

"Na ile?"

"Ile yangu, Baba."

"Nani alikupa?"

"Wewe. Bibi alisikia."

Akaokota begi lake. Akaenda mpaka kwenye kile kimlango, akabisha, akasema, "Hodi, mwenye nyumba," na akasubiri hadi nilipomkaribisha. Yumo humo hadi leo. Kila Jumamosi mume wangu na mimi tunaisukuma hatua moja, yeye yuko ndani ameshika kikombe chake cha chai, na kila inaposimama husikika akiniita dirishani: "Kabula, weka jiwe. Si chaki."