Mwalimu wangu alikwama kwa kasala

Leo nimelipiza kisasi, na mutoto kwenye mugongo!

Zamani kwa masomo, mwalimu mumoja alinikalishaka nyuma, karibu na mulango: "Weye hauna kichwa ya kusoma."

Leo nilisindikiza nkambo wangu, muzazi wa mama yangu, kwa semina ya bazee ba retraite, benye balimaliza kazi. Somo: kasala, mashairi ya kusifu bankambo betu ba Kasai.

Nani anasimama, na kravati kwa shingo? Ule mwalimu! Ni wa ukoo wetu.

Akaanza kutaja majina ya bankambo. Kwa jina ya tatu, akakwama.

Miye nikamalizia yote, bila karatasi. Ndiyo ile ninaimbiaka mutoto alale.

Bazee bakapiga makofi mpaka mutoto akaamuka.

Mwalimu akaniuliza: "Nani alikufundisha?"

"Nkambo, Mwalimu. Ukuje ukae mbele, utasikia muzuri."

Akabeba kiti yake, akakuja.

Semeni bandugu, nimuhurumie?