Tope Jekundu Chini ya Kayaki Namba Nne

Kila kayaki iliporudi, Bi Hakiki aliipindua kabla hajamuuliza mgeni kama amefurahia safari. Aliinama, akapitisha kiganja kwenye tumbo lake la plastiki kama mama anayempapasa mtoto kutafuta homa, akanyanyuka akiwa ameshajua mgeni alipita wapi. Mchanga mweupe ulitoka kwenye kisiwa kidogo cha katikati ya mto, wanakopenda kujilaza watu wa likizo. Tope jeusi lenye kunuka lilitoka kwenye kinamasi cha juu. Majani membamba ya kijani yalinasa penye mdomo wa kijito. Tope jekundu lilipatikana mahali pamoja tu: ukingo wa chini, pale hoteli mpya ilipochimba msingi na mvua ikaushusha udongo mtoni.

Alikuwa na miaka tisa ya kukodisha kayaki kwenye gati lile la mbao. Kabla ya hapo alikuwa karani wa kivuko, mpaka daraja likajengwa na kivuko kikavutwa nchi kavu kuota kutu. Walimpa cheti cha shukrani na saa ya ukutani isiyotembea. Hakukaa kulia. Alikwenda kwenye kambi moja ya watalii iliyokuwa inafungwa, akarudi na kayaki sita zilizopauka kwa jua, makafi kumi na moja, na majaketi ya kuelea yenye harufu ya popo. Akasugua, akaziba nyufa, akaandika namba kwa rangi ya kucha ya binti yake. Jina la Bi Hakiki walimpa majirani, kwa sababu hakuna jambo aliloambiwa akaliamini mara ya kwanza. Ukimwambia mvua itanyesha, alitoka nje kutazama. Ikinyesha, alitoka tena.

"Hata mimi alinichunguza miaka mitatu kabla ya kuipokea posa," mumewe alipenda kuwaambia watu. Alikuwa fundi cherehani, macho yakamtupa mkono, na sasa hata kutunga uzi kwenye sindano hakuweza.

"Na bado sijamaliza," Bi Hakiki alimjibu.

Mwezi ule alikuwa na sababu ya kuchunguza kuliko siku zote. Ofisi ya usafiri wa majini ilikuwa imemwandikia barua. Kibali chake cha kutumia gati kilikuwa kinakwisha mwisho wa mwezi, na hoteli mpya nayo ilikuwa imeomba gati hilohilo. Afisa angefika kukagua bila kutoa taarifa. Kituo kikikutwa na kasoro, mwenyewe angeondoka, na gati lingekwenda kwa mwombaji mwingine. Bi Hakiki aliisoma barua mara tatu, kisha akamsomea mumewe mara mbili.

"Bila kutoa taarifa," alirudia. "Maana yake atakuja amevaa kama watu."

"Ulitaka avae kama nani, mama watoto?"

"Nacheka mimi?"

"Hucheki. Ndiyo maana nacheka mimi, ili nyumba isikae bure."

Siku mbili baada ya barua, akatokea mgeni.

Alikuja asubuhi, mlango wa banda ndio kwanza unafunguliwa. Mtu wa miaka kama arobaini, mpole, shati limepigwa pasi mpaka mikono inakata. Watu wa likizo huja kwa makundi, wakichekana, wamepakana mafuta ya jua mpaka masikioni. Huyu alikuja peke yake, na kwenye mfuko wa plastiki alibeba daftari dogo.

"Mama, shikamoo. Naweza kupata kayaki moja?"

"Marahaba. Unajua kupiga kafi?"

Alisita kidogo. "Najua."

Bi Hakiki akakuweka kule kusita akilini. Akamkabidhi kayaki namba nne, kafi na jaketi, akamwonyesha vifungo vitatu vya kifuani.

"Hapa pamewahi kuzama mtu?" mgeni akauliza.

Katika miaka tisa, wageni walimuuliza habari za ndege, za mbu, za mahali pa kupigia picha. Hili hakuwahi kuulizwa.

"Hajazama mtu," akasema. "Wewe umesikia amezama nani?"

"Hapana, mama, nauliza tu."

Alirudi baada ya saa moja na nusu. Bi Hakiki akamuuliza alifika wapi, naye akajibu, akitazama pembeni, kwamba alikwenda kisiwani, akakaa kidogo mchangani, pazuri sana. Alipoondoka Bi Hakiki akaipindua kayaki. Kiganja kikatoka chekundu.

Siku ya pili, tope jekundu. Siku ya tatu, tope jekundu, na mgeni amelowa kwenye viwiko, na bado anasimulia uzuri wa mchanga. Tena akataka kujua mto una kina gani pembeni, na kama msimamizi wa kituo huwaona wageni wakiwa nyuma ya matete.

Jioni hiyo Bi Hakiki alimweleza mumewe yote, akihesabu kwa vidole: daftari, kina, kuzama, tope.

"Anakwenda ukingo wa hoteli kila siku," akasema. "Mtu wa likizo anatafuta nini kwenye udongo wa kuchimbwa?"

"Labda anapenda udongo."

"Ametumwa. Kama si na ofisi, basi na hoteli. Anaandika kila kasoro yangu. Siku wakisoma lile daftari, mimi na wewe tutauza nini? Saa ya ukutani?"

Mumewe safari hii hakutania. Gati lile ndilo lililowaweka mjini tangu macho yake yalipomwacha, na wote wawili walilijua hilo bila kuambiana. "Sasa utafanya nini?" akauliza.

"Nitamwona kwa macho yangu."

"Na kituo utamwachia nani?"

"Nusu saa tu."

Kanuni ya kwanza kwenye kibali chake, aliyoiandika yeye mwenyewe kwa mkono na kuibandika mlangoni, ilisema kwamba gati lisibaki hata dakika moja bila msimamizi. Kwa miaka tisa hakuivunja. Alikula chakula chake amesimama pale. Aliwahi kuugua malaria amekaa kwenye kiti cha banda, amejifunika kanga, meno yanagongana, huku anawahesabu wageni wanaorudi.

Siku ya nne mgeni alichukua namba nne kama kawaida. Bi Hakiki akamwacha apotee kwenye kona ya mto, akafunga banda, akashusha namba moja majini na kumfuata.

Alipiga kafi bila kelele, upande huu, upande ule, kama mtu anayekoroga uji usiku asiamshe wenye nyumba. Mto ulikuwa umetulia, rangi ya chai ya maziwa, na joto lilikuwa limeshaanza kuutoa mvuke. Alipokaribia ukingo mwekundu akaingia kwenye matete, akayapasua kidogo kwa vidole.

Mgeni alikuwa peke yake kwenye ile ghuba ndogo. Hakupima kitu. Daftari lilikuwa limefunguliwa juu ya magoti yake, naye alilisoma, akashika kafi, akalizamisha, kayaki ikazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Akalisoma tena. Akapiga upande wa pili, ikazunguka kinyume. Kwa joto alikuwa amefungua vifungo vyote vitatu vya jaketi.

"Anajifanya hajui," Bi Hakiki alijiambia. "Ameshaniona."

Mgeni akajaribu kugeuka kulifuata daftari lililokuwa linateleza. Kayaki ikalala ubavu, ikapinduka. Maji yakafunga juu yake, na jaketi likatoka likaelea peke yake.

Bi Hakiki hakuondoka pale alipokuwa. Wakaguzi hufanya majaribio, aliwahi kusikia hivyo siku za kivuko: mtu anajitupa majini makusudi, mwenzake ana saa, wanaona utachukua muda gani. Akatazama huku na huku kumtafuta mwenye saa. Alivuta pumzi moja, ya pili, ya tatu. Kichwa kikatokea, kikazama. Ya nne. Mkono ukatoka, ukashika tete moja jembamba, likang'oka nao. Ya tano. Kisha akausikia mlio wa mtu aliyemeza maji, na mlio ule hauwezi kuigizwa.

Akatoka kwenye matete akipiga kafi kwa nguvu. Akamshika kola ya lile shati la pasi, akamvuta mpaka kifua chake kikalala juu ya pua ya namba moja, akamwacha akohoe.

"Shika hapa. Usipande, shika tu. Pumua."

Alipoweza kusema, mgeni alisema, "Mungu akubariki, mama. Kumbe huwa unatufuata."

Bi Hakiki alinyoosha kafi, akaivuta namba nne karibu.

"Usimwambie mtu," mgeni akaendelea, meno yanagongana ingawa maji yalikuwa ya vuguvugu. "Mke wangu anafika kesho kwa mapumziko yetu. Tangu tuchumbiane namwambia nimekulia mtoni, kafi naliweza kama kijiko. Miaka kumi na nne. Sijawahi kupanda chombo cha maji maishani. Nilikuja mapema nijifunze, nikatafuta mahali ambapo hakuna wa kuniona."

"Na daftari?"

"Nimenakili namna ya kupiga kafi. Limezama."

"Na habari za mtu kuzama?"

"Niliogopa, mama."

Bi Hakiki alitafuta uongo kwenye sauti ile, akageuza kila neno kama anavyogeuza kayaki. Hakuupata. Akaifunga namba nne kwa kamba nyuma ya yake, mgeni akakaa humo amekumbatia magoti, wakarudi.

Kwenye gati palikuwa na mtu. Mwanamke wa makamo mwenye miwani, kofia ya majani na kandambili, amekaa kwenye kiti kilicho mbele ya banda kama anayesubiri zamu yake. Bi Hakiki alidhani ni mteja, mpaka alipoona jinsi anavyosoma kanuni zilizobandikwa mlangoni, kidole kikiwa kwenye ile ya kwanza.

"Natoka ofisi ya usafiri wa majini," mwanamke akasema. "Nimekaa hapa dakika arobaini. Sikukuta mtu."

Bi Hakiki akashika nguzo ya gati. Mgeni, akichuruzika maji, akawahi kusema:

"Afisa, huyu mama ameniokoa. Nilipinduka. Alikuwa ananifuata tangu mwanzo kwa usalama wangu. Bila yeye ungekuta maiti."

Afisa akamtazama mgeni, akaitazama kamba, akayatazama majaketi yaliyotundikwa nje ya banda kwa mpangilio wa namba. Akatoa fomu. "Kumbe ni hivyo," akasema, na kuanza kuandika. "Kwa hiyo huwa unawafuata wageni wote, mama?"

Jibu la ndiyo lilikuwa fupi na lingetosha. Hakuna aliyekuwako mtoni wa kumkanusha, na mgeni alikuwa anaitikia kwa kichwa kumsaidia, uso umejaa shukrani. Shukrani ile ndiyo aliyoshindwa kuivumilia.

"Hapana, dada. Huyu tu."

"Kwa nini huyu?"

"Nilidhani ametumwa."

"Na nani?"

"Na nyinyi. Au na hoteli. Nilikuwa sijaamua."

Kalamu ya afisa ikasimama. "Na alipopinduka?"

"Nilidhani ananijaribu. Nikangoja."

"Muda gani?"

"Pumzi tano."

Mgeni aligeuza shingo taratibu. Ile shukrani haikuondoka yote mara moja, ilitoka kidogokidogo, kama maji yanavyotoka kwenye shati.

"Mimi niliona nyingi zaidi," akasema.

Afisa aliendelea kuandika kwa muda mrefu. Akakagua vifungo, akagonga matumbo ya kayaki kwa kifundo cha kidole, akavuta kamba. Mwisho akampa Bi Hakiki fomu asome. Kibali kimeongezwa miezi mitatu, si mwaka. Sharti: pawepo mtu wa pili gatini, mwenye filimbi, msimamizi anapokuwa majini. Baada ya miezi mitatu, ukaguzi mwingine.

Bi Hakiki aliisoma mara mbili akitafuta mtego. "Na hoteli?"

"Hoteli nayo itasubiri."

"Kwa nini hukuninyang'anya gati?"

"Ungependa niandike upya?"

Akaweka sahihi.

Usiku ule mumewe aliipokea habari bila mzaha. Alinyoosha tu mkono akipapasa mezani. "Filimbi iko wapi?" akasema. "Macho yamekwenda, masikio ninayo. Mtu akipiga kelele mtoni, nitakuwa wa kwanza kujua."

Asubuhi Bi Hakiki alimkalisha kwenye kiti cha gati, filimbi shingoni, wakangoja. Saa mbili ikapita. Saa tatu. Alikuwa na hakika kwamba mgeni hatakuja, kwamba yuko mahali fulani anaandika barua ya malalamiko, na pia alikuwa na hakika kwamba ana haki ya kuiandika.

Saa tatu na nusu wakatokea wawili, yeye na mkewe, mwanamke mfupi mwenye kicheko cha karibu. "Shikamoo, mama," mke akasema. "Mume wangu alikiri kwangu jambo jana kwenye simu. Nimecheka mpaka nikakaribia kukosa basi. Nasikia huyu ndiye aliyekulia mtoni."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Mgeni alimsalimia pia, kwa adabu, bila kumtazama usoni. Akachagua namba mbili kwa mkewe na tano kwake. Yeye mwenyewe akafunga vifungo vya jaketi la mkewe, akavivuta, akavivuta tena. Akavifunga vyake. Bi Hakiki alisimama na kafi mkononi, hana la kukosoa.

"Nitawafuata nyuma," akasema. "Leo taratibu, mpaka kisiwani tu."

"Hapana, mama," mgeni akajibu. "Tangulia wewe. Nataka niwe nakuona."